Ushuhuda wa Usingizi Wangu

Bwenini, Lushoto
Jumamosi, baada ya usafi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Habari za huko Korogwe na joto lake? Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia kwamba ukiinama kwenye beseni kusuuza mashuka ya gesti inabidi ushike ukuta ndipo uinuke, na ukacheka, lakini mimi sikucheka. Natumaini yule binti mliyeahidiwa wa kukusaidia kufua ameshaanza kazi. Mimi hapa chakula napata, masomo yanakwenda, na sweta uliyonitumia imenifaa sana kwa sababu wiki nzima ukungu haujaondoka uwanjani, hata kengele ya shule tunaisikia bila kuiona. Sabuni nayo ilifika. Rahma wa bwenini kwetu amenisaidia kuimaliza, kwa hiyo usishangae nikiomba nyingine.

Barua hii anakuletea Athumani, dereva wa Fuso la mboga, yule ambaye mke wake anatuuzia maandazi getini. Nimemwomba akukabidhi mkononi, asiiache mapokezi. Nakuomba usiisome ukiwa kazini. Isome ukiwa umekaa na umeshakula, na uisome mpaka mwisho hata kama katikati utatamani kuikunja. Najua ungependa nipige simu. Lakini simu ya Matroni Yudith tunaongelea mezani kwake, yeye mwenyewe akiwa pale anakunywa uji, na wenzangu wamejipanga mlangoni wananisukuma kwa macho. Halafu unanijua. Mimi kwenye simu huwa nasema ndiyo Mama, sijambo Mama, mpaka salio linakwisha. Mwalimu wetu wa Kiingereza amewahi kusema kwamba mimi niliumbwa na kalamu mahali pa mdomo. Darasa lilicheka, lakini sikukasirika, kwa sababu ni kweli.

Basi nianze na lile swali lako. Ulipokuja siku ya wazazi uliniuliza kwa nini nimekonda hivi, nikakujibu kwamba nilipata malaria kidogo. Haikuwa malaria. Mama, mimi silali. Tangu mlima ulipoangukia jiko la Bibi kule Mgwashi, masika ya mwaka jana, sijalala kama watu wanavyolala. Nasinzia kidogo, nashtuka, nakaa kitandani nimekumbatia magoti nasubiri mwanga. Nilidhani itakwisha yenyewe. Nilidhani nikirudi shuleni, mbali na ule mteremko, nitalala. Haikuwa hivyo.

Rahma, ambaye kitanda chake kiko chini ya changu, ananiita Mlinzi. Siku moja alimwambia Mzee Hamza wa getini kwamba haki itendeke, agawane mshahara na mimi, maana yeye anakoroma kibandani na mimi ndiye ninayekesha. Mzee Hamza akamjibu kwamba mshahara wenyewe ukigawanywa hautaonekana, afadhali anigawie usingizi, huo anao mwingi. Watu walicheka sana. Mwalimu Kristian wa Kemia naye alinisimamisha darasani ili nisisinzie, nikasinzia nimesimama, nikamwangukia Amina na vitabu vyake. Mwalimu akasema maishani mwake ameona punda akilala wima, lakini binti wa kidato cha tatu ndiyo mara yake ya kwanza. Nilicheka pamoja nao. Mtu mwenye haya hucheka pamoja nao ili mambo yaishe haraka.

Usiku usio na mvua una nafuu. Mvua ndiyo inayonimaliza. Matone ya kwanza tu yakigonga bati, mimi nimeshavaa viatu. Nasikiliza, si mvua yenyewe, bali kitu kilicho nyuma ya mvua. Nyuma ya bweni letu kuna gema, ukingo wa mlima uliokatwa wima, ambalo wamelipanda nyasi, si refu, lakini mimi nalifahamu kuliko ninavyofahamu somo lolote. Najua linapochuruzika na najua jiwe gani limekaa vibaya. Mwezi uliopita mvua ilinyesha kubwa, nikasikia kishindo, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimesimama katikati ya bweni napiga kelele kwamba ukuta unakuja. Wasichana walitoka wote nje kwenye mvua, wengine na khanga tu, mmoja amejifunika ndoo kichwani. Gema lilikuwa palepale na nyasi zake. Kilichoanguka ni pipa la taka lililoangushwa na paka.

Asubuhi magodoro yaliyolowa yalianikwa uwanjani na kila aliyepita alinitazama. Wengine walisema nina mapepo. Dada mmoja wa kidato cha sita, wa kikundi cha maombi, alikuja kuniombea, akanikamata kichwa kwa nguvu mno mpaka nikamwambia nimepona ili aniachie. Matroni Yudith hakuniombea wala hakunigombeza. Alinivisha koti lake, akanipeleka kliniki kwa nesi mmoja anayeitwa Loveness, ambaye kazi yake ni kuwaona watu wenye matatizo ya akili. Usishtuke kwa neno hilo, Mama. Hata mimi nilishtuka. Nilikaa kwenye benchi nimejifunika mtandio usoni nisije nikaonwa na mtu wa Mgwashi, akaenda kusema kwamba mjukuu wa Bibi fulani amekuwa chizi.

Nesi Loveness ni mtu wa kawaida tu, ana sauti nzito kama ya mwanaume na anapenda chai. Hakuniuliza habari za mlima. Aliniuliza habari za kulala. Alisema mtu akipatwa na jambo la kutisha, mwili hutoka pale mapema lakini kichwa hubaki. Waingereza wana neno lao kwa jambo hilo na yeye alilitaja, na niliporudi shuleni nikalitafuta kwenye kamusi ya maktaba. Kamusi ikanipa kiwewe. Neno kiwewe nililijua siku zote. Sikujua kwamba ni langu.

Nikamwuliza kuna uhusiano gani na usingizi. Akanifananishia na akina mama wa sokoni wanaopanga karoti usiku kabla Fuso halijaja. Zenye udongo wanaziosha, zilizovunjika wanaweka kando, nzuri wanatia kwenye viroba, na asubuhi sakafu ni nyeupe. Akasema akili nayo hufanya hivyo mtu akiwa amelala. Inachukua mambo ya mchana, hata yale mabaya, inayaosha, inayapanga, na kidogo kidogo jambo linakuwa la zamani. Asiyelala amewafukuza wale akina mama katikati ya kazi. Mzigo unabaki sakafuni na udongo wake, na kesho unaletwa mwingine juu yake. Kwa hiyo, akasema, wewe kwako ule mlima haukuanguka mwaka jana. Unaanguka kila siku, kwa sababu hakuna aliyewahi kuupanga.

Alinipa masharti. Niamke saa ileile kila siku hata kama sikulala. Nisisinzie mchana, hata kama Mwalimu Kristian anafundisha. Nivue viatu kitandani. Na ile ndoto inayonirudia niisimulie mchana, kwa sauti, kisha niibadilishe mwisho wake nitakavyo mimi, niwe nauzoea huo mwisho mpya jioni kabla ya kulala. Alisema ndoto inafundishika, kama mtoto.

Akaniuliza ndotoni nasikia nini. Nikamwambia nasikia maji yanapita chini ya ukuta, nasikia kuku, nasikia mbao zinalia, namsikia Bibi anakohoa na anasema kwa Kishambaa. Ndipo akaniuliza siku yenyewe nilikuwa katika hali gani. Nikampa lile jibu ninalompa kila mtu, kwamba nilikuwa nimelala fofofo, sikuona wala kusikia kitu, Mungu alinifumba macho. Nesi Loveness hakubisha. Alimimina chai, akatia sukari, akakoroga, akasema basi usingizi wangu ule ulikuwa na masikio makali sana.

Nilitoka pale nimekasirika, lakini masharti yake niliyafuata. Nilivua viatu. Niliamka na kengele. Nikaanza kupata usingizi wa vipande vipande, na Rahma akatangaza bwenini kwamba Mlinzi ameomba likizo. Niliona kama naanza kuwa mtu tena.

Halafu akaja Mjomba Silvano.

Alikuja amevaa suti ile ya uzee wa kanisa, na mfuko wa maparachichi begani. Najua ameshakupigia na unajua mipango yote, lakini acha nikuambie jinsi alivyoniambia mimi. Alisema Jumapili ya baada ya kufunga shule ni ibada ya kumbukumbu ya Bibi na ya shukrani kwa uhai wangu. Kwaya ya akina mama imeshona vitenge sare na imetunga wimbo kuhusu usingizi wangu. Mchungaji amekuwa akiitumia habari hiyo msiba kwa msiba, na watu wanafarijika, na sasa imefika mpaka Mtae, ambako hata barabara yenyewe inafika kwa shida. Aliisema hivyo akacheka. Kwa hiyo siku hiyo wote wanataka wanione. Nitasimama mbele ya madhabahu nishike maiki, nitoe ushuhuda mwenyewe, jinsi Bwana alivyotulaza usingizi bibi na mjukuu, akamchukua mmoja na kumwacha mmoja, bila kilio na bila maumivu.

Nikamwambia mimi naogopa watu. Mjomba akasema hofu itaondoka nikishashika maiki, yeye mwenyewe alikuwa mwoga kuliko mimi na sasa wanamwomba anyamaze. Halafu akaacha mzaha. Akasema mimi ndiye faraja ya ukoo. Akasema wewe utakaa benchi la mbele, na kwamba umemwambia ukinisikia mimi mwenyewe nikisema kwa mdomo wangu, moyo wako utatulia kabisa. Nikasema ndiyo Mjomba. Nilipokea maparachichi, nikapiga goti, nikarudi bwenini. Tangu siku hiyo mpaka Jumatano hii sikufumba macho, hata usiku usio na mvua.

Mama, sasa naandika lile nililokuombea ukae.

Sikuwa nimelala.

Watu wanajua kwamba jioni ile mvua ilikuwa haijakatika siku nyingi, na kwamba Bibi alisema tulale jikoni kwa sababu ya baridi, karibu na mafiga. Hilo ni kweli. Watu wanajua kwamba gema la nyuma lilimeguka, likasukuma ukuta, na kwamba asubuhi Mzee Mika na vijana walichimba wakatukuta. Hilo nalo ni kweli. Mzee Mika aliponitoa macho yangu yalikuwa yamefumba. Niliyafumba kwa sababu ya mwanga, na kwa sababu sikutaka kuona. Mwanamke mmoja akasema huyu mtoto alikuwa amelala maskini, hata hajui. Wakaniuliza, ulikuwa umelala? Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa siwezi kuongea na lile ndilo jibu walilonipa. Kufika mchana lilikuwa limeshazunguka kijiji kizima, na mimi nilikuwa bado sijasema neno.

Halafu ukafika wewe jioni kutoka Korogwe, viatu mkononi, sketi imejaa matope. Hukuuliza chochote kuhusu nyumba. Ulinishika mashavu ukaniuliza kitu kimoja tu, kama aliteseka. Nikakuangalia. Nikakwambia hapana Mama, tulikuwa tumelala wote wawili. Ulikaa chini palepale. Na usiku ule, Mama, wewe ulilala. Ulilala kwenye mkeka katikati ya wale akina mama, nikakusikia ukikoroma, na nikaelewa kwamba usingizi huo nimekupa mimi. Ningeuchukuaje tena asubuhi?

Kweli ni hii. Ukuta ulipokuja tuliamka wote wawili. Mimi nilibanwa kati ya boriti na pipa la mahindi, nikawa naweza kupumua. Bibi alikuwa mbali nami kiasi cha mkono kunyooka, lakini miguu yake na kiuno vilikuwa chini ya udongo. Tulikuwa gizani. Aliniuliza kama naumia, nikamjibu siumii. Akaniambia nisilie, nitunze pumzi. Akaita majirani, akaita sana, mvua ikawa inameza sauti. Akasali. Akawa anakohoa, na kila akikohoa sauti ilipungua. Halafu akaniita kwa jina.

Nilimsikia vizuri. Lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa sauti ya kuniuliza kama naumia. Ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kuagiza mambo, kama alivyofanya Babu siku yake ya mwisho alipotuita mmoja mmoja. Nikajua anataka kuniaga. Na mimi nikawaza, Mama, sijui kama mtu mwenye akili anawaza hivi, nikawaza kwamba asipopata wa kumuaga hataondoka. Mtu hawezi kuondoka bila kuaga. Kwa hiyo sikuitika. Mkubwa akikuita unaitika abee hata kama una tonge mdomoni, yeye ndiye aliyenifundisha, na mimi sikuitika. Nilifumba macho gizani, nikaanza kuvuta pumzi ndefu kama mtu aliyelala.

Akaniita tena. Nikavuta pumzi. Akaita tena. Kisha akasema polepole, kwa Kishambaa, kama anayemwambia mtu mwingine pale jikoni, kwamba mtoto amelala, aachwe alale. Baada ya hapo hakusema kwa sauti tena. Alipokohoa alikuwa anabana kikohozi, nilisikia anavyokibana. Baadaye nilisikia watu kule juu barabarani wakiitana, na mbwa. Bibi hakuwaita. Mimi pia sikuwaita, kwa sababu nilikuwa nimelala. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kichwani mwangu, nilikuwa nimelala na mtu aliyelala haiti. Wale watu wakapita.

Sijui kama wangetusikia. Sijui kama wangefika kwa wakati, kwa mvua ile na giza lile. Hilo ndilo ninaloliuliza kila nikilala chali. Nikifumba macho tu, ni yaleyale ya kule, kufumba macho na kuvuta pumzi ndefu, na mwili wangu unakataa. Mtu ambaye usingizi wake ulikuwa wa uongo, wa kweli utamjiaje? Na ile ndoto nimejaribu kuifundisha mwisho mpya, lakini mwisho ninaoutaka ni mmoja tu, kwamba Bibi ananiita na mimi naitika. Nikifika hapo mdomo hauendi.

Jumatano hii nilimwambia Nesi Loveness. Nilimwambia nikiwa nimegeukia dirisha. Hakusema kwamba sina kosa, ningemwona mwongo. Alisema mwili ukiogopa kupita kiasi una njia zake, kuna unaokimbia, kuna unaopiga kelele, na kuna unaojifanya mfu, na mwenye mwili haulizwi. Nilimwambia mimi niliulizwa, niliitwa kwa jina. Kisha akaniuliza kitu ambacho sijawahi kukifikiria. Aliniuliza kama zamani niliwahi kujifanya nimelala mbele ya Bibi.

Mama, kila siku. Kila asubuhi ya kwenda kisimani nilijifanya nimelala, na hata siku moja sikumpata. Alikuwa anasimama mlangoni na ndoo, anasema kope za aliyelala hazichezi, amka mvivu wewe. Hata gizani alikuwa ananijua. Alisema aliyelala kweli huvuta pumzi kama mpumbavu, na anayejifanya huvuta pumzi kama mwimbaji. Hakuna aliyemjua mtu aliyelala kama yeye.

Kwa hiyo labda alijua. Labda alisikia zile pumzi zangu akajua ni za uongo, akajua ninakimbia kuagwa, akaniachia. Usiku wa Jumatano hiyo nililala, Mama. Ilinyesha na nikalala mpaka Rahma akanivuta mguu akidhani naumwa. Jana sikulala tena, kwa hiyo sisemi nimepona. Nesi amesema itakuwa hivyo, hatua mbele na hatua nyuma, na kwamba usingizi hautakaa ikiwa kila Jumapili nitaitwa kusimama kuutolea ushuhuda usingizi ambao haukuwepo.

Naomba basi uzungumze na Mjomba Silvano. Mwambie sitasimama. Mwambie unavyoona inafaa, sitaki apate aibu mbele ya Mchungaji, na akina mama wameshashona vitenge. Waimbe nyimbo zingine za Bibi, ziko nyingi, alikuwa na tenzi zake alizozipenda. Nitakaa nyuma na nitasali kama watu wengine. Lakini kama wewe mwenyewe utaona ni lazima nisimame, nitasimama, kwa sababu wewe ni mama yangu. Ila nikishika maiki nitasema haya niliyoyaandika hapa, maana yale mengine siyawezi tena. Ndiyo maana nimetaka uyasikie ukiwa peke yako kwanza, si kwenye benchi la mbele.

Na nina swali moja ambalo Nesi hawezi kulijibu, wala Mchungaji. Yeye ndiye aliyekuzaa. Ulilala ubavuni mwake miaka yote kabla yangu, na najua uliwahi kujifanya umelala, kila mtoto wa nyumba ile alifanya hivyo. Niambie, Mama, gizani, bila kuona kope, alikuwa anajua kweli? Au alikuwa anabahatisha tu, na sisi tukacheka tukajitoa wenyewe? Sitaki unijibu la kunifurahisha. Mimi nilikujibu hivyo na unaona tulipofika. Nijibu unavyokumbuka, hata kama hukumbuki.

Nisalimie wote wanaonifahamu hapo gesti, na yule mpishi anayenikatia keki bila kuulizwa. Matroni Yudith anakusalimu, na Rahma anasema shikamoo ingawa hajakuona. Nakuombea mgongo upone na kazi iwe nyepesi.

Jambo la mwisho, Mama, na hili usilipuuze. Barua hii itakufikia mchana, maana Athumani hupita Korogwe kabla ya jioni. Kukasirika, kasirika mchana huohuo. Lia mchana. Jua likizama mwite jirani yako Mama Husna, mwambie mwanao ameomba aje alale kwako na alete godoro lake, si lazima umweleze kwa nini. Usikubali kuwa peke yako kwenye kile chumba. Nimekunyang'anya usingizi wako na mimi niko huku mlimani, siwezi kuja kulala karibu yako.

Mwanao akupendaye,
Evelina